Mkunazi wa Bibi Lubaba na Chungu cha Marehemu

Wamepokezana watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bondeni, nchi ya Yemeni, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Lubaba. Alikuwa na nyumba yenye ua, kinu cha jiwe, na katikati ya ua mti mmoja wa mkunazi aliourithi kwa mama yake, naye mama yake aliurithi kwa bibi yake. Kwa mti huo aliishi, na kwa mti huo alijulikana. Hapakuwa na kichwa mjini mle ambacho hakijawahi kuoshwa kwa unga wa majani yake.

Sisi watu wa leo tuna haraka. Tunataka jani lichumwe asubuhi na uso ung'are adhuhuri. Bibi Lubaba hakuwa na pupa hiyo. Alichuma akiwa na udhu, kwa bismillahi, bila kuvunja hata kijiti. Majani aliyatandaza juu ya mikeka ndani ya chumba chenye kivuli, kwa kuwa jua huliibia jani rangi yake na harufu yake. Yalilala humo siku saba, na kila baada ya sala yaligeuzwa kwa mkono, polepole, yasivunjike. Kisha aliyatwanga na kuyachekecha mara tatu kwa kitambaa, mpaka ukatoka unga laini wa kijani ambao ukitiwa maji huumuka povu jeupe. Wasichana waliuchanganya na maji ya waridi wakapaka usoni. Wazee walilainishia nyayo zilizopasuka. Watoto wenye ukurutu waliogeshwa kwa unga huo, wakaacha kujikuna, mama zao nao wakapata usingizi.

Nyumbani mwake mlikuwa na vyungu viwili. Kimoja kilikaa karibu na mlango, nacho kilikuwa cha walio hai. Cha pili kilikaa peke yake katika shubaka la ukutani, kimefunikwa kwa kifuniko cha mti, nacho kiliitwa chungu cha marehemu. Mnajua kwamba Muislamu akifariki huoshwa kwa maji yenye majani ya mkunazi. Basi unga wa kwanza wa kila msimu, ule ulio bora, uliingia katika chungu hicho, na ulitolewa bure kwa kila aliyefiwa. Mama yake alimwusia hivi alipokuwa mdogo: "Mwanangu, aliye hai ukimnyima atalalamika. Marehemu haombi, haulizi, wala harudi kudai. Kwa hiyo chake kitangulie."

Na aliyekuwa akiyageuza majani yale alikuwa mwanamke kipofu, jina lake Unaisa. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi katika chumba kidogo kando ya ua, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa hiyo moja. Kiganja chake kilijua jani lililokauka na jani lililobaki na unyevu, tena kilijua kuliko macho ya Lubaba. Mara nyingi wawili hao walikaa chumbani alasiri, harufu ya majani imewafunika, mmoja akisoma uradi na mwingine akigeuza, mpaka usingeweza kujua ni uradi unaoyasogeza majani au ni mkono. Katika miaka yote hiyo Unaisa aliomba jambo moja tu.

"Lubaba, dada yangu," alisema, "siku yangu ikifika unioshe kwa majani haya niliyoyageuza. Sina mwana wa kunililia. Nataka angalau nikutane na Mola wangu nikinukia mkunazi."

"Nimekuahidi," akajibu Lubaba, na wakapeana mikono.

Ukaja ukame. Mvua ilikata mwaka wa kwanza, ikakata na wa pili, na mkunazi ukapukutisha majani yake yote ukabaki miiba mitupu. Chungu cha walio hai kikaisha. Na ni katika kipindi hichohicho ndipo mjukuu wa Lubaba, binti yatima aliyeitwa Jumana, alipokuwa anakaribia kuolewa.

Ilikuwa ada ya mji ule kwamba siku saba kabla ya ndoa biharusi hukaa ndani, na kila alasiri hupakwa unga wa mkunazi kuanzia utosini hadi nyayoni. Siku ya saba huja wanawake wa upande wa bwana harusi, mmoja baada ya mwingine, wakamshika nywele na kumbusu shingoni. Sasa shingo ya Jumana, kwa vumbi na ukavu wa miaka ile miwili, ilikuwa imekakamaa na kubanduka, naye alijikuna hadi ikatoka damu.

"Bibi," alisema binti, "watanibusu hapa, nami nina magamba kama kenge."

Lubaba alicheka, lakini moyo ulimuuma. Alikumbuka kwamba mtoto huyu hakuwa na mama wa kumpaka wala baba wa kumsindikiza. Akasimama mbele ya shubaka kwa muda mrefu, kisha akakifunua chungu cha marehemu na kuchota kata moja.

"Nakopa tu," alijiambia. "Mvua zikinyesha nitarudisha maradufu."

Enyi ndugu zangu, hakuna mkopeshaji mpole kama maiti! Humbembelezi, hakunyimi, wala hakununii. Ndiyo maana wengi wetu tunakopa huko.

Kata moja ikazaa ya pili. Kufika siku ya tano kata ilikwaruza kitako cha chungu, na shingo ya Jumana ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Bibi alifurahi, na katika furaha ile mlikuwa na mwiba. Kila alipopita mbele ya shubaka aliuona utupu wa kile chungu hata kikiwa kimefunikwa. Mwisho akatoka nje ya mji, akachuma majani ya mgunga, ambao ukame hauuwezi, akayakausha juani kwa pupa, akayatwanga na kukijaza chungu hadi shingoni. Rangi ilikuwa ileile ya kijani. Akafunika, akajiambia kwamba ni kwa muda tu. Yeye aliyekuwa haongopi hata kwa mzaha, sasa chungu chake kilikuwa kinaongopa kwa niaba yake.

Siku ya sita Unaisa akashikwa na homa. Haikuwa homa ya kupoa. Kufika adhuhuri miguu yake ilikuwa baridi, na sauti yake imekuwa ndogo kama inayotoka chumba cha pili.

Lubaba aliswali, akajinyoosha kidogo kwa usingizi wa mchana, maana hakuwa amelala tangu jana. Jua lilisimama juu ya ua na mji wote ulikuwa kimya. Akaona, kama aonavyo mwenye kulala, kwamba mkunazi umechipua majani mapya, mengi mno, na chini yake mama yake ameketi anaosha nywele. Nywele zilikuwa ndefu, zimetambaa ua mzima, zimepita mlangoni na kwenda zao barabarani. Mama alichota unga kutoka chungu cha marehemu, akajipaka, akasugua, akasugua tena. Maji yalipita makavu juu ya nywele.

"Lubaba," mama aliuliza kwa upole, bila kugeuka, "mbona povu halitoki?"

Mama akaendelea kusugua, na watu wengine wakawa wanaingia uani taratibu, watu aliowahi kuwaosha kwa mikono yake, kila mmoja amefungua kiganja anangoja zamu yake. Hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemlaumu! Walisimama tu kivulini, wakimtazama kwa adabu.

Alipozinduka mashavu yake yalikuwa yamelowa, na kutoka chumba cha kando Unaisa alikuwa akimwita.

"Dada yangu," Unaisa alisema alipomsikia akiingia, "naona safari imewadia. Niletee chungu. Nataka nitie mkono mara moja, niushike unga wangu kabla haujanishika."

Lubaba akaenda kukileta. Kutoka shubakani hadi kitandani zilikuwa hatua kumi, na katika kila hatua nafsi ilimpa ushauri. Ilimwambia: mgonjwa huyu anakufa, mwache afe na furaha yake. Ikamwambia: homa imemfisha ganzi vidole, hatatambua. Ikamwambia tena: kusema kweli sasa ni ukatili, na kunyamaza ni huruma. Nafsi nayo ina elimu yake, hasa pale inapotaka kujisitiri.

Akaketi. Akaondoa kifuniko. Mkono wa Unaisa ukainuka, mwembamba, ukaja juu ya mdomo wa chungu. Lubaba akaudaka.

"Usitie," alisema. "Nisikilize kwanza, Unaisa. Humu hamna mkunazi. Mna mgunga. Unga wako nimeuchukua mimi, nimempaka Jumana siku tano. Nilimwonea huruma yatima wangu, nikawadhulumu nyinyi. Kisha nikajaza majani mengine ili nisiumbuke. Nimeivunja ahadi niliyokupa, na sina cha kukuoshea." Akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima asiyejali nani anasikia.

Unaisa akatabasamu. Lubaba akashangaa.

"Najua," alisema. "Jumana alipita hapa siku ile ya kwanza kunisalimu, akanibusu mkono. Niligeuza majani yale miaka thelathini, nisiijue harufu yake kichwani mwa mtoto? Na ule mgunga wako nao niliusikia ukitwangwa. Kinu kilikuwa kinakohoa."

"Ulijua! Na mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu kwa kuwa umeulizwa. Nilikuwa nakungoja." Akapumua, akakusanya nguvu. "Mimi sina macho, Lubaba. Macho yangu ni ndimi za watu. Mtu akiniambia kweli, naona. Akinidanganya, ananipofusha mara ya pili. Siku hizi tano sikuwa nikiuombea unga. Nilikuwa naomba nisife nikiwa kipofu kwako wewe."

Lubaba akainamisha kichwa juu ya mkono ule.

"Haya, umekiri la kwako," Unaisa akaendelea, na sauti yake ikaingia aibu kidogo. "Nami nina langu. Tia mkono chini ya mto."

Akatia mkono, akatoa kifuko cha kitambaa, kizito kuliko kilivyoonekana. Alipolegeza kamba, harufu ya mkunazi ikajaa chumba, ya zamani na nzito, kana kwamba misimu yote ya nyuma imerudi kwa mara moja.

"Nilipokuwa nikigeuza majani, vumbi lake lilinibaki viganjani," alisema Unaisa. "Badala ya kulikung'utia mkekani, nilikuwa nalikung'utia humo. Chembe kwa chembe. Niliogopa siku yangu ikifika nitapunguza chungu cha maskini mwingine. Lakini vumbi lile lilikuwa lako, nami sikukuomba ruhusa miaka yote hii. Niwie radhi, dada yangu."

Lubaba alicheka huku akilia. Alikumbuka kata zake tano za pupa, akatazama kile kifuko cha miaka thelathini. "Nimekuhalalishia," alisema, "hapa duniani na kesho mbele ya Mungu. Nawe uniwie radhi."

"Nimekuwia. Ila kile chungu kimwage, kisije kikamdanganya mtu mwingine."

Unaisa akarejea kwa Mola wake kabla ya jua kutua, ulimi wake umelowa shahada. Walipokuja wanawake wa jirani kuosha, Lubaba alikitoa chungu uani, akakimwaga mbele yao wote, akaeleza alichokifanya bila kupunguza neno. Wengine walijishika midomo. Mmoja, aliyefiwa na mumewe mwaka ule na kuoshewa kutoka chungu kile, alimsogelea akamshika bega, akasema, "Sasa ndiyo nimejua kwamba unga wa mume wangu ulikuwa mkunazi kweli."

Wakaufungua unga wa kifuko. Povu likatoka jeupe, tele, likatosha josho la kwanza na la pili na la tatu. Jumana, aliyetoka ndani kwa idhini ya bibi yake, ndiye aliyemimina maji. Na wale waliokuwapo walisema kwamba ilipofika mwisho hawakuweza kuitofautisha harufu ya biharusi na harufu ya marehemu, kwani jani lilikuwa moja. Mmoja alikuwa amepambwa kwa ajili ya mume, na mwingine kwa ajili ya Aliyemuumba.

Mvua zilinyesha miezi minne baadaye. Mkunazi ukachipua. Lubaba alipima kata tano za unga wa kwanza akazirudisha katika chungu cha marehemu, kisha akaongeza tano nyingine kama alivyonuia, ndipo akajaza cha walio hai. Na tangu hapo hakumpa mtu mwingine kazi ya kugeuza majani. Aligeuza mwenyewe baada ya kila sala, na Jumana, aliyekuja mara kwa mara kumtazama, alimkuta kila alipokuja akifanya hivyo akiwa amefumba macho.

Basi, enyi ndugu, kila mmoja wetu anacho chungu cha wasioomba: haki ya aliyekufa, ya aliye mbali, ya asiyeona. Ni rahisi kukichota na rahisi kukijaza mgunga. Tumwombe Mola atujaalie ndimi ambazo kipofu anaweza kuonea njia.