Mkuki Uliofuata Sauti

Sogeeni, wanangu, niwashushe chini ya ardhi.

Huko gizani waliishi mashujaa wenye mkuki wa ajabu. Ukisharushwa, humfuata wa kwanza kutoa sauti. Ndiyo maana wenyewe walipigana kimya, bila hata kupiga kelele za vita.

Siku moja zimwi likateremka, likaunyakua mkuki ukutani, likamkuta mmoja wao, Sikudhani, amempakata mwanawe mchanga.

"Leo nala mama na mwana," likanguruma, likaurusha.

Sikudhani akabana pumzi. Mtoto akakunja uso, kilio ki mdomoni. Mama akamtia ziwa upesi.

Mkuki ukazunguka pango, vuuu, ukampita sikioni. Ukazunguka tena, ukampita puani. Ukazunguka mara ya tatu, ukamgusa nywele, na mtoto ananyonya tu.

Uvumilivu ukalishinda zimwi, maana lilizoea kujigamba. "We mkuki," likafoka, "humwoni yule pale?"

Mkuki haukuwa na macho. Ulikuwa na masikio. Ukageuka, ukalipata zimwi barabara kooni, likaanguka pu!

Sikudhani akauchomoa, akaurudisha ukutani. Kisha akamtoa mwanawe ziwani.

"Haya, babangu," akasema, "sasa lia."

Nami ninyamaze, mkuki usije ukanisikia.