Hakimu Aliyehukumu kwa Kamusi

Palikuwa na hakimu mmoja huko milimani, Hakimu Mrutu, aliyekwenda kusoma Ulaya akarudi na kamusi nene kama tofali. Tangu hapo hakutaka tena ushahidi. Ukimpelekea kesi, anafungua kamusi, anachimbua asili ya neno moja la Kiingereza mpaka kwenye Kilatini, anahukumu. Matajiri walimpenda mno. Maskini watapata wapi Kilatini cha kujitetea?

Siku hiyo kizimbani alisimama Nakiete, mjane mwenye kishamba cha maharage na ulimi usiojua kupumzika. Jirani yake, tajiri Mbonea, alitaka kumnyang'anya zamu yake ya maji ya mfereji. Maharage ndiyo kwanza yanatoa maua. Wiki moja bila maji, watoto wake wangeshinda na njaa mpaka msimu mwingine. Nakiete aliogopa, asikudanganye mtu.

"Mheshimiwa," alisema, "mfereji huu tunauzibua wenyewe kila mwaka. Asiyekuja kuzibua hana zamu. Muulize Mbonea jembe lake liko wapi."

"Nyamaza! Hapa tunakwenda kwa mizizi ya maneno." Hakimu akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Waingereza wana neno 'rival', yaani mpinzani. Limetoka kwenye Kilatini cha Warumi wa kale, 'rivalis', mtu anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Kijito chenyewe ni 'rivus'. Umesikia?"

"Nimesikia. Hao Warumi wa kale wako wapi siku hizi?"

"Walishakufa wote."

"Kwa kiu?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza.

"Wanaochota kijito kimoja ni wapinzani! Wapinzani hawakai pamoja. Mdogo ampishe mkubwa!"

Kilatini kikamkausha koo, akanyanyua bilauri ya maji, akapiga mafunda mawili. Nakiete akaikazia macho ile bilauri. Hofu ikamtoka.

"Mheshimiwa, kila anayetumia kijito kimoja na mimi ni mpinzani wangu?"

"Kila mmoja. Kamusi haibagui."

"Hata awe mkubwa?"

"Hata awe nani!"

"Na mpinzani wangu anaweza kunihukumu?"

"Haiwezekani! Hilo hata mtoto analijua."

"Hayo maji unayokunywa yametoka wapi?"

"Mferejini. Kwani hapa kuna maji mengine?"

Nakiete akasogea pembeni, akapangusa kizimba kwa upindo wa khanga yake.

"Basi shuka, mheshimiwa, uje tusimame wote hapa, tutafutiwe hakimu asiyekunywa maji."