Fisi na Vikundi Vyake Vitatu

Mvua ilikosa kunyesha misimu miwili mfululizo, na kisima cha Mlima Mavumo kikabaki tope. Wanyama wakawa wanatembea siku nzima kufuata maji mtoni. Bi Pimbi, aliyeishi miambani juu kabisa, alimzika mtoto wake mmoja katika njia hiyo. Aliporudi aliwakusanya majirani kumi na mmoja, wakaunda kikundi kiitwacho Maji Kwanza. Yeye akawa katibu, kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika.

Kitu pekee kilichokuwa kingi mlimani ni upepo. Korongo walikuwa wamesimamisha huko mitambo mirefu ya kufua umeme, na umeme wote ukaenda mjini. Kwa kuwa mlima haukuwa wao, waliahidi kuvisaidia vikundi vya wenyeji kila mwaka. Kikundi kilitakiwa kiwe na wanachama kumi na shida ya kweli, na barua yake ipitishwe na mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuwa Simba. Hakuna aliyemchagua, alikuta kiti kitupu, akakalia.

Bi Pimbi aliandika, "Tunaomba pampu na mabomba, tuvute maji ya chemchemi iliyo chini ya genge, tusikoweza kushuka sote."

Simba aliisoma barua hiyo mara mbili akitafuta sifa zake. Hakuziona, akaiweka kando.

Fisi alileta barua tatu, na kila moja ilianza, "Kwako Mtukufu, mwenye ngurumo na manyoya." Kikundi cha Wajane kiliomba mbuzi wa maziwa. Umoja wa Vijana uliomba mbuzi wa kufuga. Kwaya ya Mavumo iliomba mbuzi, bila maelezo. Simba alizipitisha zote.

Wiki ya pili Bi Pimbi alikutana na Fisi njiani. "Mbuzi wa kwaya wanaendeleaje?"

"Wameshajiunga nasi," Fisi alisema, akijipangusa mdomo.

Bi Pimbi alikwenda kwa jirani yake Sungura akiwa na hasira. "Niliandika vibaya?"

"Uliandika ukweli, dada. Ila hukumwandikia Simba." Sungura akachukua fimbo yake, akaenda kwa mwenyekiti. "Mzee," alisema, "Korongo wanakuja kukagua. Umesaidia vikundi vitatu, na hakuna hata kimoja kilichokuja kukushukuru. Viite vyote kwa wakati mmoja, vipange mstari mbele yako, wageni waone unavyoheshimiwa."

Simba aliona kweli amedharauliwa. Akaviita.

Siku ya ukaguzi Fisi alifika amejitanda kanga.

"Wajane," aliita Korongo mkubwa, daftari mkononi.

"Tupo."

"Wenzako tisa wako wapi?"

"Wamefiwa."

Korongo akaandika. "Vijana."

Fisi alizunguka nyuma ya jiwe, akarudi bila kanga, akihema. "Tupo."

"Wengine?"

"Wamezeeka."

"Mzee," Sungura alimwambia Simba kwa adabu, "sasa kwaya ikuimbie, wajane na vijana waitikie."

Fisi alianzisha wimbo, akanyamaza kungoja kiitikio. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Ukimya ulipomzidi, Fisi akacheka, kama afanyavyo siku zote, na hakuna aliyekuwa hajui kicheko kile ni cha nani.

"Mbuzi wako wapi?" aliuliza Korongo.

Fisi alijishika tumbo.

"Nilijua tangu mwanzo," Simba alisema. "Nilikuwa ninamtega." Hakuna aliyembishia, lakini Korongo waliagiza kwamba tangu siku hiyo barua zisomwe kwa sauti mbele ya wenyeji wote. Ya Maji Kwanza ikasomwa ya kwanza. Pampu ikaja. Fisi akapewa adhabu ya kushusha mabomba gengeni, moja moja, mpaka mgongo ukapinda.

Maji yalipotoka, Bi Pimbi alijaza kibuyu chake, akasimama nacho kwa muda mrefu kabla ya kunywa. Kisha akafungua daftari na kuanza kuwaandika waliopanga foleni.

Fisi alikuwa wa mwisho.

"Unachota kwa niaba ya nani?" Bi Pimbi alimuuliza.

"Kwa niaba yangu."

"Na nani mwingine?"

Fisi aliinamisha kichwa. "Niko peke yangu."

Bi Pimbi akaandika: Fisi, mmoja. Akamjazia kibuyu kimoja.