Alasiri Tatu za Mama Ngiri

Paukwa!

Mbona mnajibu kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Na nyinyi akina baba mnaojikohoza huko nyuma, sogeeni karibu na moto, maana hii ni yenu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana asubuhi, paliishi Bwana Ngiri, mkewe na watoto wao watatu: Chonge, Tope, na kitindamimba Shungi. Bwana Ngiri alishika desturi za kingiri barabara. Alitembea mkia wima, akaamkiwa, akakohoa, akala, akalala. Baba kucheza na watoto ilikuwa aibu. Baba kuteremsha mkia mchana kweupe, hiyo ilikuwa aibu kubwa zaidi.

Kiangazi kimoja fisi waliwaandama. Kila walipokuja, Mama Ngiri alisimama mlangoni mwa shimo akawapigia kelele hadi wakakimbia. Akapiga, akapiga, akapiga, mpaka sauti ikamkauka. Akifungua kinywa, inatoka pumzi tu. Sasa fisi wakirudi, nani atawafukuza?

Wakaenda kwa Kakakuona, mganga. Kakakuona akamtazama kooni, akatikisa kichwa.

"Huyu amechoka," akasema. "Ipeleke familia mapumzikoni, kule kwenye chemchemi ya maji moto. Mama alale kwenye matope ya vuguvugu alasiri tatu mfululizo. Akishtushwa na kelele hata mara moja, sauti hairudi tena."

"Na watoto watakaa na nani?" akauliza Bwana Ngiri.

"Kwani hawana baba?"

Bwana Ngiri akakohoa.

Wakafika chemchemini. Alasiri ya kwanza Mama Ngiri akajilaza matopeni, akafumba macho. Baba akawapanga watoto chini ya mwamba. "Kaeni. Msicheke. Msipumue kwa nguvu."

Wakakaa. Wakakaa. Wakakaa kidogo tu, Shungi akauliza, "Baba, na sasa tufanye nini?"

"Mfanye kukaa!"

Chonge akamkanyaga Tope. Tope akafungua kinywa apige yowe, na baba akawahi kukiziba kwa kwato. Mama akajigeuza matopeni. Bwana Ngiri jasho likamtiririka hadi jua lilipozama.

Alasiri ya pili akajitia ujanja. Akachimba mizizi mitamu, chungu nzima. "Kuleni, na msiseme neno."

Wakala. Wakala. Wakala mpaka mizizi ikaisha. "Baba, na sasa tufanye nini?" Kabla hajajibu, matumbo yakaanza kusokota. Ikabidi awabebe mmoja mmoja, mbio, mpaka nyuma ya kilima wakalilie huko. Mama hakusikia, bahati yao.

Alasiri ya tatu baba hakuwa na amri iliyobaki wala mzizi uliobaki. Watoto wakamtazama.

"Baba, na sasa tufanye nini?"

"Sijui," akasema Bwana Ngiri. Jamani, baba yule hakuwa amewahi kulitamka neno hilo.

Shungi akamsogelea. "Basi tucheze baba na mama. Kwa kunong'ona."

"Haya. Mimi ni baba."

"Hapana. Baba ni Chonge, mama ni mimi, Tope ni shangazi. Wewe ni mtoto. Na mtoto hasimamishi mkia."

Bwana Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama mkewe aliyelala. Akauteremsha mkia.

Wakati huohuo akapita Pundamilia. "Bwana Ngiri! Kulikoni leo, mkia..."

"Shii! Mama yetu amelala," akanong'ona Bwana Ngiri.

Chonge akaja akijivuta, akakohoa. "Kaeni. Msicheke. Msipumue kwa nguvu." Watoto wakabana vicheko. Bwana Ngiri akacheka naye, kimyakimya, mpaka machozi. Kumbe ndivyo alivyo? Shangazi Tope akamnawisha uso. Shungi akamlaza juu ya majani, akamsugua mgongo, akamwimbia polepole wimbo wa mama yao. Hakuna aliyekuwa amembembeleza Bwana Ngiri tangu utotoni. Akaona raha. Akalala kweli.

Kisha akaanza kukoroma!

Mnamjua ngiri anavyokoroma? Mawe hutikisika. Watoto wakatazamana. Kule matopeni sikio la mama likacheza. "Tumgeuze ubavu, kama mama anavyofanya!" akanong'ona Shungi. Wakasukuma. Wakasukuma. Wakasukuma wote watatu kwa vichwa, na baba akageuka, akanyamaza. Wakakaa kumlinda, wakimpepea kwa majani, na hakuna aliyeuliza wafanye nini.

Jua likazama. Mama Ngiri akaamka mwenyewe, taratibu, akatoka matopeni. Akamkuta mumewe amejikunja mkia chini, na watoto wamemzunguka.

"Shii," akasema Shungi. "Mtoto amelala."

Mama Ngiri akaangua kicheko. Kicheko kikubwa, cha sauti, kikavuka kilima! Watoto wakamrukia. "Mama! Sauti yako! Sauti yako!" Furaha iliyoje, wenzangu.

Bwana Ngiri akakurupuka. Mkewe akamwambia, "Ahsante, Baba Chonge. Umenilindia usingizi wangu. Ahsante sana."

Bwana Ngiri akawatazama wale watoto, majani yakiwa bado midomoni mwao.

"Usinishukuru mimi," akasema. "Washukuru wazazi wangu hawa watatu."

Na hadithi yangu imeishia papo hapo, matopeni. Mwenye kikohozi sasa akohoe.