Boliti ya Gurudumu la Mhando

Boliti yenye kutu hubembelezwa. Mmemsikia mjomba wenu akiyasema hayo asubuhi, mkacheka, mkadhani ni maneno ya gereji tu. Basi sogeeni, nimenye hizi njugu huku nikiwaeleza methali hii ilikoanzia.

Mhando alikuwa dereva wa bodaboda pale Mkata. Asubuhi moja alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki kijijini, na mazishi ni baada ya alasiri. Mzee alikuwa ameusia: "Siku yangu ikifika, anipokee kaburini Mhando, kifungua mimba wangu." Mhando akavaa kanzu, akawasha pikipiki.

Njiani gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kulia. Beringi zimekufa. Akaikokota pikipiki hadi kwa fundi Semboja, mzee mwenye banda la mabati kando ya barabara. Usafiri mwingine haukuwapo. Ilikuwa siku ya gulio, bodaboda zote zimekwenda huko.

Beringi mpya fundi alikuwa nazo. Kazi ilikuwa kuichomoa ile boliti kubwa inayoshika gurudumu. Ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu, maana Mhando alizoea kuosha pikipiki mtoni na kuiacha ikauke yenyewe. Semboja akaidondoshea mafuta ya taa, akaigonga kwa nyundo ndogo, ti, ti, ti, kisha akatia spana, akaikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Haikusogea. Akaongeza mafuta.

"Mzee, hiyo ni boliti au mwali?" Mhando akamdhihaki. "Mbona unaibembeleza hivyo?"

"Boliti yenye kutu hubembelezwa, mwanangu. Acha mafuta yapenye."

"Baba yangu anazikwa!"

"Pole sana. Ndiyo maana sitaki ikatike."

Mzee akaenda kwa mama ntilie jirani kuomba makaa ya kuipasha moto. Mhando akabaki peke yake, jua likimchoma utosini. Akaokota kipande cha bomba, akakichomeka kwenye mpini wa spana, akaukanyaga kwa uzito wake wote. Ka! Moyo ukamruka kwa furaha: imelegea! Kumbe kichwa cha boliti kiko kwenye spana, na mwili wake umebaki ndani ya gurudumu.

Semboja akarudi na makaa kwenye kopo. Akatazama, asikemee. Akayamwaga makaa chini.

"Sasa ni ya msumeno," akasema, "na msumeno hauna haraka ya mtu."

Mhando alipofika kijijini, watu walikuwa wakinawa mikono na kuosha majembe. Mdogo wake, Kopwe, alikuwa na udongo hadi magotini.

"Tulikungoja, kaka. Mwalimu wa msikitini alisogeza wakati, akasogeza tena, mpaka jua likatushinda. Nimeshuka mimi."

Mhando alichuchumaa penye udongo mbichi, akawa anaulainisha kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgonjwa.

Aliishi miaka mingi baadaye. Kila alipomwona mtu akiupiga teke mlango uliokwama, au akimkaripia mtoto aliyenuna ili aseme kinachomsibu, alimshika mkono. "Yule mzee angemaliza kabla ya alasiri," alikuwa akisema. "Kilichobaki kilikuwa makaa tu." Kisha machozi yakimlengalenga, anaongeza: boliti yenye kutu hubembelezwa.