Tumba Aliyejipatia Mjomba

Hadithi yabisha hodi!
— Ipite ndani!
Imekuja na nani?
— Na uongo wake!

Asubuhi ya kwanza baada ya theluji kukatika, mti mmoja ukingoni mwa mto ulikuwa na matumba arobaini. Jioni yalibaki kumi. Aliyekula thelathini ni Ndovu Manyoya, wa ukoo ule wa ndovu wa nchi za baridi, waliofunikwa manyoya mwili mzima na ambao leo hawapo tena.

Tumba ni jani lisilofunguka bado. Yakiliwa yote, mti haupati jani hata moja. Unakufa.

Ndovu alikula vile vile kila siku. Anavuta tawi: nyaka! Anatafuna: kachu, kachu! Kisha anajikuna mgongo kwenye shina: kwaru, kwaru! Manyoya yanabaki kwenye gome. Upepo ukarusha shungi moja hadi kwa Tumba, mdogo kuliko wote. Akajifunika gubigubi, akangoja.

Kesho yake Ndovu akavuta tawi: nyaka!

"Shikamoo, Mjomba!"

Mkonga ukasimama. "Marahaba. Nani wewe?"

"Mpwa wako."

"Mpwa! Wewe punje?"

"Kwani Mjomba ulizaliwa na mwili huu?"

Ndovu akanusa. Manyoya yalinuka kwao. "Mama yako nani?"

"Dada zako wangapi?"

"Kumi na watatu."

"Na watoto wao wote unawajua?"

Ndovu hakuwahi kumtembelea dada hata mmoja, alikuwa akila.

Kwa kina Ndovu, mjomba hamgusi mpwa, na mpwa akiomba, mjomba hutoa. Tumba alijua hilo.

"Mjomba, ndugu zangu tisa wako uchi, na baridi hii!"

"Aibu gani hii ukooni kwangu!"

Ndovu akajinyofoa manyoya: nyofo! Akamvika wa kwanza. Nyofo! Akamvika wa pili. Akawavika wote tisa kwa ncha ya mkonga, polepole, asimwangushe hata mmoja.

"Sasa mimi nile nini?"

"Ng'ambo kuna nyasi, Mjomba."

"Haya. Msalimie mama." Akavuka mto: chubwi, chubwi!

Tumba hakuwa na miguu ya kukimbilia wala mikono ya kupigania. Alikuwa na shungi moja la manyoya, na adabu.

Funzo, watoto: msiwadanganye wakubwa, uongo haujamsaidia mtu. Hadithi yangu imeketi, anayeitaka aibebe.

Matumba yote kumi yalifunguka siku ya tisa.