Chembe Moja, Hodi Tatu

Ndugu zangu, sogeeni mbele, walioko mlangoni wapate pa kukaa.

Kulikuwa na msomi mmoja aliyekuwa akitafuta chembe. Si chembe ya mtama. Hii ni ndogo mno, hupenya ardhi yote ikatokea upande wa pili bila kugusa kitu. Hata sasa zinatupita mwilini, wala hatuna habari. Yeye na wenzake walichimba shimo refu, wakaweka tangi la maji chini, wakangoja moja tu iyaguse maji, imulike. Miaka kumi na moja! Hata nyumbani alikuwa habanduki kwenye kompyuta, akisoma vipimo.

Siku moja baba yake, mzee mgonjwa, akafunga safari kuja kwake. "Hodi!" Mwana akaijua sauti. Akajisemea, "Nimalize ukurasa huu. Baba si mgeni, atasukuma mlango." Hodi ya pili. Ya tatu. Na adabu yetu mnaijua: hodi tatu, usipoitikiwa, rudi. Mzee yule alishika adabu hata kwa mwanawe. Akageuka.

Njiani akakutana na mkwewe akitoka sokoni.

"Shikamoo baba! Mbona unaondoka? Mwanao yumo ndani."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe yumo?" Mzee akageuka kuitazama njia aliyotoka. "Basi ana kazi. Nilikuja kumuaga tu."

Mke akakimbilia nyumbani kumwita mumewe. "Nitamfuata kesho," akajibu. "Leo vipimo havingoji."

Kesho hiyo hakwenda. Siku ya tatu mzee akafariki.

Wametoka kuzika, simu ikalia: chembe imemulika! Msomi akaruka kwa furaha, kanzu bado ina udongo wa kaburi. Mkewe akamtazama. "Mume wangu, hiyo imebisha mara moja tu, ukaisikia. Baba alipiga hodi tatu."

Mnamlaumu? Elimu yake haina kosa. Afadhali yeye alikuwa na chembe ya kutafuta. Sisi tunatafuta nini kwenye simu zetu mchana kutwa? Mimi ninayewahubiria, mama yangu alinipigia juzi, nikasema nitampigia baadaye. Mpaka sasa sijampigia. Naona haya kuwaambia, lakini ndivyo ilivyo.

Wengine wameshageuka milangoni petu, ndugu zangu. Sasa zamu ya kubisha hodi ni yetu: tukipita makaburini tunasalimu kwa sauti, na jibu hatulisikii.